Mti wa Epo Nilioukata Kama Mzabibu

Nianzie Kolo, ingawa mti wenyewe haukuwa Kolo na habari ya Kolo haihusu miti kabisa. Mtanivumilia. Mimi darasa langu liliishia la tatu, naandika kama ninavyosema, na nikisema huwa nazunguka.

Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachomoza. Nimetoka kwetu Busi na punda wawili wa mjomba, nimebeba ulezi wa jamaa zetu wa Kolo. Punda mmoja alikuwa na tabia mbaya, akichoka analala palepale alipo, na mzigo mgongoni, na hakuna fimbo wala tusi la kumwinua. Siku hiyo kalala barabarani, karibu na njia ya kupandia kwenye ile michoro ya watu wa kale miambani. Gari likaja, likashindwa kupita. Akashuka bwana mmoja mgeni, kavaa kaptula, daftari kwapani, pamoja na mkalimani wake kutoka mjini. Badala ya kunigombeza wakaniomba niwapeleke kwenye michoro, maana punda alikuwa bado hajaamua kuamka.

Tukapanda. Mgeni akasimama mbele ya mwamba kama mtu aliye msikitini. Akaonyesha wale watu wembamba wekundu, akauliza kupitia mkalimani: huyu wa katikati ameshika nini?

Mimi sikujua. Wazee wetu wenyewe hawakujua, walisema waliikuta. Jibu lilikuwa fupi tu: sijui, bwana. Lakini mkalimani ananitazama, mgeni kalamu yake iko hewani inangoja, nami nikaona aibu kuiangusha. Nikasema kwa uso mkavu kabisa, "Ni filimbi ya kuitia mvua. Babu yangu alikuwa nayo moja kama hiyo."

Babu yangu alikuwa mshona viatu.

Kalamu ikashuka, mgeni akaandika. Akaniuliza ilikuwa na matundu mangapi, nikamwambia manne. Akaandika na matundu. Niliporudi barabarani punda kaamka mwenyewe, nikafikisha ulezi, na njia nzima ya kurudi Busi nilicheka peke yangu kama kichaa. Nilikuwa nimegundua kitu, kwamba mtu anayetaka sana jibu hakuchunguzi. Mpe lolote, ila usipepese macho.

Nilicheka kwa sababu jibu lile halikumuumiza mtu. Hilo ndilo nililofikiri, na nikaendelea kuishi hivyo.

Sasa tuje Dodoma. Nilihamia huko nikiwa mtu mzima, nikaoa, nikapata kazi kwenye shamba la zabibu. Zabibu nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa na vidole vitatu mkono wa kushoto. Alisema viwili alivikata mwenyewe kwa mkasi akiangalia mwanamke anayepita. Alinifundisha vizuri, sina la kumlaumu. Mzabibu wa Dodoma unakatwa mara mbili kwa mwaka, mvua zikiisha na kabla hazijaanza. Unakata bila huruma, kila tawi unaliachia macho mawili tu ya kuchipulia, mengine chini. Ukimwonea huruma mzabibu atakupa majani. Ukimnyoa mpaka mtu asiyejua akusikitikie, hapo ndipo anazaa. Na vile vitawi vifupi vifupi visivyo na urefu unavibandua kwa kidole gumba, maana vinakula chakula cha wenzao.

Nilikuwa hodari, tena hodari hasa, sijisifu. Wenye viwanja vidogo vya zabibu pale Mkonze wakawa wananiita, fundi njoo huku, fundi njoo kule. Nikawa natembea na mkasi wangu mfuko wa nyuma wa suruali, makusudi, ili uonekane.

Hapo ndipo Mwalimu akaniita.

Alikuwa mwalimu mstaafu, Mgogo wa palepale Mkonze, mrefu, sauti ya kuamrisha hata akikuomba chumvi. Watoto wake walikuwa wameshaondoka. Alibaki yeye na mkewe, na nyuma ya nyumba bustani ndogo, upana wake kama chumba na sebule, imezungushiwa ua wa minyaa. Katikati ya bustani kulikuwa na fimbo imechomekwa ardhini, ina majani saba. Niliyahesabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Fundi, unaijua hii?"

Nikatazama. Nikasema, "Ni mche, Mwalimu."

"Nakuuliza mche wa nini, hata mbuzi anajua kuwa ni mche!"

Mkewe akacheka kutoka jikoni. Alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye goti bovu, akicheka anashika mlango. Akasema, "Mwambie tu, baba, usimfanyie mtihani."

Kumbe ulikuwa mti wa epo. Watu wa shule wanasema tufaha, sisi tulisema epo. Mwalimu alikuwa amekwenda Lushoto kumzika rafiki yake, akarudi na mche huo mapajani, mabasi mawili, umefungwa gunia bichi mizizini. Wenzake wote walimcheka. Epo Dodoma? Kwenye vumbi hili? Walimwambia apande na barafu pembeni. Naye mbele yao wote, kwenye sherehe ya harusi, akasimama akasema mti wake utazaa na yeye atawaalika waje kula, na wale waliocheka zaidi atawapa maganda.

"Nasikia wewe una mkono," akaniambia. "Nataka uulee huu mti. Sisi hapa nyumbani tutaumwagilia, wewe uukate na kuupa umbo. Umewahi kukata epo?"

Kalamu hewani tena, mnaona? Epo yenyewe nilikuwa sijawahi kuishika.

"Mwalimu," nikasema, "mti wa matunda ni mti wa matunda."

Akaridhika.

Nikafanya ninachokijua. Nikasimika nguzo mbili, nikavuta waya. Mti ulipofika usawa wa kifua nikaukata kichwa. Ukatoa matawi, nikachagua mawili, moja kulia moja kushoto, nikayalaza juu ya waya na kuyafunga kwa vitambaa vya kanga ya mke wa Mwalimu ili kamba zisiyachubue. Ulipendeza, nisiseme uongo. Ulikaa kama mtu aliyenyoosha mikono. Mwalimu alikuwa akiwaleta wageni wauone.

Halafu kila nilipomaliza zabibu za watu, mara mbili kwa mwaka, napita kwa Mwalimu na mkasi wangu. Kila tawi macho mawili. Na kwenye ile mikono miwili vilikuwa vinaota vijiti vifupi, vinene, vimekunjamana kama chuchu za mbuzi mzee, vina pua butu. Haviendi popote, haviongezeki. Nikavihesabu ni wavivu. Nikavibandua vyote kwa kidole gumba, nikasafisha mti ukang'aa.

Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mti unatoa majani kama mchicha. Ua hata moja hakuna.

Katikati ya mambo hayo Mwalimu akaanguka. Upande wa kulia wote ukapooza, mkono, mguu na nusu ya uso. Maneno yalibaki, ila yalitoka yamejikunja. Mkewe akawa anamtoa asubuhi, anamweka kwenye kiti cha mikono penye mlango wa nyuma, na kutoka hapo kitu pekee cha kutazama kilikuwa ule mti. Siku nzima anautazama. Siku moja akaniambia, "Fundi, sitaki tena kuwalisha watu. Nataka nione ua lake moja tu kabla sijaondoka. Nijue sikusema upuuzi."

Nikamwambia, "Utaliona, Mwalimu."

Wakati huo ndiyo mambo ya ruksa, ya kila mtu kuruhusiwa kuleta bidhaa za nje, yalikuwa yamepamba moto. Maduka yaliyokaa miaka na viberiti na majani ya chai tu yakajaa vitu. Sabuni za unga za rangi rangi, redio, mitumba, na epo. Epo kutoka Afrika Kusini, nyekundu, zimelazwa kwenye trei, kila moja ina kikaratasi kidogo kimebandikwa ubavuni kama nishani.

Jirani mmoja, mtu wa utani, tena utani usio na breki, alinunua moja. Asubuhi na mapema akapenya ua, akaifunga kwa uzi kwenye mti wa Mwalimu. Mimi nilikuwa nimefika kukata. Mama kamtoa Mwalimu, kamkalisha, na yule bwana akachomoza kichwa juu ya minyaa, akasalimia Kigogo.

"Mwalimu! Mbukwenyi, Mwalimu! Amka uone, umezaa!"

Mwalimu akatazama. Ile epo inaning'inia, nyekundu. Niliona uso wake, ule upande uliobaki, ukifunguka kama wa mtoto. Akajaribu kusimama. Halafu jua likapiga kikaratasi.

"Umezaa na stika yake kabisa!" yule bwana akapiga kelele. "Mwalimu, mti wako umesoma, umekwenda mpaka Afrika Kusini!"

Mwalimu alicheka. Utani ni utani, Mgogo haukasirikii. Lakini alicheka kwa nusu ya mdomo na lile jicho la kulia likawa linatoa machozi, ingawa lile lilikuwa linatoa machozi hata bila sababu. Jirani alipokwenda, akaniita karibu.

"Fundi. Niambie ukweli. Miaka yote hii. Kwa nini hauzai?"

Sikujua. Na kutojua si kosa. Ningesema, Mwalimu, mimi ni mtu wa zabibu, epo siijui, tutafute anayeijua. Yangeisha hapohapo.

Lakini nilikuwa nimeshika mkasi, na kalamu iko hewani. Wakati huohuo mama akatoka jikoni na karai la maji aliyooshea vyombo, akachechemea na goti lake mpaka kwenye mti, akayamwaga shinani. Alifanya hivyo kila siku. Maji Mkonze yalikuwa taabu, nyumba zote zilimwagilia bustani kwa maji ya vyombo, hata mimi kwangu mjini.

"Ni maji hayo, Mwalimu," nikasema. "Sabuni hizi mpya za ruksa zina dawa kali. Zinaunguza ua kabla halijatoka."

Sikupepesa.

Mama akasimama na karai tupu. "Maji yangu?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo hayo."

"Fundi, ungeniambia mapema," akasema taratibu. "Mimi nilidhani naunywesha."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningeweza kubishana.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ilibadilika. Mama akawa anachota maji safi bombani kwa ajili ya mti, ndoo kichwani, goti lile, na bomba lilikuwa mbali, ng'ambo ya korongo. Na Mwalimu, mtu aliyekuwa akimwita mkewe "rafiki yangu" mbele za watu, sasa alikuwa na neno moja la kusema kutwa nzima. "Kaniulia mti. Miaka minne ananiulia mti mbele ya macho yangu, nami nakaa nashukuru." Aliwaambia wageni. Alimwambia padri. Mama anapika, anamlisha, anamfuta mdomo, na mdomo uleule unamsema. Mimi nikifika ananikaribisha kiti.

Naweza kusema wakati huo nilikuwa bado siujui ukweli. Hiyo ni kweli. Lakini uongo niliujua.

Ukweli nilikuja kuupata sokoni mjini. Kulikuwa na mtu wa Lushoto kaleta matunda kwenye matenga, mapeasi na epo ndogo za kijani, mbayambaya, zina madoa. Tukazungumza. Nikamuuliza kijanja, kana kwamba namuulizia mtu mwingine, kuna jamaa yangu ana mti wa epo, hauzai, anafanya hili, anafanya lile.

Akauliza, "Umefungwa wayani? Hiyo si mbaya, hata mimi kwangu ninayo ya waya. Anakata vipi?"

"Anaacha macho mawili mawili. Na vile vijiti vifupi vyenye pua butu anavitoa vyote."

Yule bwana akaweka tenga chini. "Anavitoa?"

"Anavitoa."

"Basi anatoa matunda yenyewe, ndugu yangu! Epo haizai kwenye tawi jipya kama mzabibu. Inazaa pale kwenye vijiti vifupi, na kijiti kinataka mwaka, miaka miwili, kitulie ndipo kichanue. Huyo jamaa yako kila akipita na mkasi anaua mimba. Mwambie aweke mkasi chini, mti utazaa wenyewe!" Akaanza kucheka. "Ni mtu wa wapi huyo, mpumbavu kiasi hicho?"

"Wa hapahapa," nikasema. Na mimi nikacheka naye. Tulicheka wote wawili, yeye kwa sauti, mimi kwa meno.

Kutoka sokoni nilikwenda moja kwa moja Mkonze. Kwa miguu, jua kali, nikipanga maneno. Mwalimu, ni mimi. Mama, haikuwa wewe. Maneno machache tu. Nikafika uani, nikasikia Mwalimu anasema ndani, "Hata chai yako ina ladha ya sabuni." Nikasikia kijiko tu kinagonga kikombe.

Nikaingia. Mama akasema, "Afadhali umekuja, fundi. Mti unakungoja."

Nikafungua mdomo, nikasema hivi, "Msimu huu hatukati, Mwalimu. Mti tuupumzishe na ile sabuni. Mtu asiuguse, asibandue hata kijiti, mpaka nirudi. Dada yangu ni mgonjwa Busi, naenda kumsaidia shamba."

Dada alikuwa mgonjwa kweli, lakini si wa kufia. Nilijiona mjanja, wallahi. Nilifikiri nimepata njia. Mti utachanua, Mwalimu ataona ua lake, watapatana, na mimi nitakuwa sijasema kitu. Nilikwenda Busi nikakaa. Dada akapona, nikakaa. Nikalima, nikavuna, mke wangu akaleta maneno kutoka Dodoma kwamba wenye zabibu wananitafuta, nikakaa. Mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa naupa mti muda, nikajiambia hivyo.

Nilirudi Mkonze wakati wa vumbi, ile miezi ya upepo kabla ya mvua. Mkasi wangu ulikuwa mfuko wa nyuma, sijui kwa nini niliubeba. Nikapita ule ua wa minyaa.

Mti ulikuwa umechanua. Mikono yote miwili, toka kwenye shina mpaka ncha za waya, kila kijiti kile butu kimeshika kishada cha maua meupe yenye wekundu kwa nyuma. Majani bado yalikuwa machache. Nyuki walikuwa wengi hata nikawasikia kabla ya kuwaona. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile katika vumbi lile, na nilijua kila ua lililokuwa pale lilikuwa pale kwa sababu mimi sikuwapo.

Mwalimu yuko kitini, amekonda, shingo imekuwa nyembamba. Akaniona. Akainua mkono wa kushoto, akapiga kelele kwa ule mdomo wake uliojikunja:

"Fundi! Ulisema! Ulisema ni maji yake! Tazama, kaacha sabuni na mti umechanua!" Analia na kucheka. "Nilimwambia huyu mwanamke!"

Mama akatoka jikoni. Alikuwa akitembelea fimbo sasa. Lile goti lilikuwa limevimba, nililiona chini ya kanga, kwa ndoo zile, korongo lile, mwaka mzima na zaidi. Alikuja mpaka kwangu, akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, na akakunja goti, lile zima, kama mtu anavyomsalimia mkwe.

"Fundi, kumbe kweli," akasema. "Moyoni nilikuwa nakukatalia. Nilikuwa nasema fundi huyu ananisingizia. Sasa nimeona kwa macho yangu, ni mimi niliyekuwa naua mti wa mume wangu. Unisamehe. Nimekuharibia kazi yako miaka yote ile."

Nikamtazama. Nilikuwa na nafasi yote duniani. Bustani ina watu watatu tu. Mwalimu haangalii kwetu, anaangalia maua yake. Nikavuta pumzi, nikasema, "Mama."

"Bee, baba."

Nikatazama fimbo yake. Maneno niliyoyapanga njia nzima kutoka sokoni mwaka uliopita yalikuwa bado yapo, hayajapotea hata moja.

Akangoja kidogo, kisha akatabasamu. "Umechoka na safari. Ngoja nikuletee kiti."

Akageuka, akaenda polepole na fimbo yake, akaingia ndani. Nikamsikia akisogeza kitu sebuleni. Nikatoa mkasi mfukoni, nikauweka chini ya mti, juu ya jiwe lililokuwa likizuia nguzo. Nikapita mwanya wa minyaa, nikashika njia ya mjini.

Nilikuwa nimeshafika kwenye korongo niliposikia sauti yake ikiita, "Fundi? Fundi, kiti hiki hapa!"

Sikugeuka. Nilivuka korongo, nikapita bombani, wanawake wakanisalimia, nikaitikia. Mkonze sijakanyaga tena mpaka leo.